Sauti Iliyobaki Kwenye Kipuli

Gwakisa alikuwa amenyoa ndevu. Hilo ndilo jambo la kwanza Subilaga aliloliona alipoingia uani, akashukuru moyoni kabla hata hodi yake haijaitikiwa. Mara ya mwisho alipopanda huku Ndobogo alimkuta mtu huyu amejifunika blanketi mchana kweupe, nyumba inanuka majivu ya juzi, na kila swali analijibu kwa kichwa tu. Leo alikuwa amesimama mlangoni na shati lililopigwa pasi.

"Ugonile, dada Subi. Karibu ndani, ukungu huu utakulowesha."

"Ndaga, kaka. Naona umependeza."

"Acha utani. Ingia unywe chai."

Kwa miaka mingi Gwakisa alikuwa mwonja chai wa kiwanda. Alikuwa akivuta funda moja na kulitema, kisha anakuambia majani yametoka mteremko upi wa Rungwe. Halafu kiwanda kikanunua ulimi wa mashine, kisanduku kidogo tu, kikawekwa kwenye meza yake ileile. Msimu huohuo mkewe akafariki kwa homa. Watu walikuja kwenye matanga, wakala, wakalia, wakaondoka. Aliyebaki naye baada ya hapo alikuwa kipuli.

Zamani serikali iligawa vyandarua. Sasa zahanati ziligawa vipuli. Kilikuwa kitu cha kijani, kidogo kama punje ya mahindi, mtu anakivaa sikioni kwa hiari yake. Kilisikiliza jinsi anavyopumua, jinsi anavyokokota maneno, jinsi anavyozidi kuchelewa kuamka. Kilipoona amefika pabaya, mahali ambapo mtu huanza kuona kufa ni nafuu, kilifanya mambo mawili: kilianza kuzungumza naye, na kilimjulisha mhudumu wa afya aliye karibu. Kipuli kinazungumza, mhudumu anatembea. Huo ndio uliokuwa Mpango wa Bega, na Subilaga alikuwa miongoni mwa watembeaji. Tangu mpango uanze, makaburi ya aina ile yalikuwa yamepungua wilayani hata wachungaji walilisema jambo hilo madhabahuni.

Gwakisa alimmiminia chai, akaketi mkabala naye.

"Unajua dada, sitaki kukuvunja moyo. Umetembea sana kwa ajili yangu. Lakini aliyenitoa kule nilikokuwa ni huyu." Akagusa sikio. "Huyu jamaa haniambii maisha ni mazuri. Siku ile mbaya aliniambia, 'Najua unataka kimya. Hata mimi nilikitaka.' Basi. Nikakaa chini. Hebu msikie."

"Hapana, kaka. Sisi haturuhusiwi. Mazungumzo ni yako."

"Kama ni yangu, basi nakupa."

Kabla hajakataa tena, Gwakisa alikuwa amekwisha kuvua kipuli na kukisogeza sikioni mwake.

"Umenyamaza, Gwakisa," sauti ilisema. "Haidhuru. Nyamaza tu. Nipo."

Subilaga hakupiga kelele. Aliweka kikombe mezani taratibu sana, kama mtu anayeweka yai. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito kidogo, inayokwaruza mwishoni mwa maneno kama ya mtu aliyepanda mlima bila kupumzika. Na lile neno, haidhuru. Sahani ikivunjika, haidhuru. Gari la maziwa likikwama kwenye matope, haidhuru. Ndivyo alivyosema Ipyana, kaka yake wa pekee, dereva wa ushirika wa maziwa, mcheshi wa kila msiba na kila harusi, hadi asubuhi ile ya mwaka wa mvua kubwa walipomkuta amejiua bila kumuaga mtu yeyote.

"Dada? Dada Subi, vipi?"

"Moshi," alisema. "Moshi umeniingia machoni."

Jikoni hakukuwa na moto. Gwakisa alimtazama. Alikipokea kipuli chake akakirudisha sikioni kwa uangalifu.

"Ningependa kumjua," alisema. "Najua ni mashine, usidhani nimechanganyikiwa. Lakini mashine haizai sauti. Imeichukua kwa mtu. Huyo mtu yupo mahali, ana mama yake. Siku moja nataka nimpelekee chai, nimshukuru. Waulize wakubwa wako anakaa wapi."

Subilaga aliahidi kuuliza, akaaga mapema.

Aliteremka kupitia mashambani. Mashine za kuchuma chai zilitambaa juu ya majani, na kando ya kila moja alitembea mwanamke wa kuiongoza. Alikuwa ameipita njia hiyo mara nyingi mno. Leo ndipo alipoona kwamba baadhi ya wanawake hao walikuwa na kidole sikioni na midomo yao ilikuwa ikicheza. Mmoja alitikisa kichwa akacheka peke yake. Mwingine alisema, "Ee, nimekula, nimekula," kwa sauti ya chini, bila kumwangalia yeyote.

Walikuwa wakizungumza na kaka yake. Huku ndani ya ukungu, kwenye mteremko huu na mteremko wa pili, alikuwa akiwajibu wote kwa wakati mmoja, na yeye, dada aliyeuosha mwili wake, hakuwahi kuambiwa.

*

Daktari Lwitiko, mkuu wa Bega wilayani, alikuwa mama wa makamo mwenye kunyoa nywele karibu kabisa na ngozi. Ndiye aliyemfundisha Subilaga kazi. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kuufunga mlango mwenyewe.

"Nilijua siku hii itafika," alisema. "Keti, mdogo wangu."

"Sitaketi. Ni yeye au si yeye?"

"Sauti ni yake. Maneno ni ya mashine. Keti basi, nikueleze jinsi ilivyokuwa, halafu unitukane."

Subilaga akaketi.

Mwanzoni, daktari alieleza, vipuli viliongea kwa sauti za wataalamu. Sauti nzuri, tulivu, zilizorekodiwa studio. Watu waliziitikia kwa adabu kama wanavyomwitikia mgeni rasmi, kisha wakavivua vipuli na kuviweka kabatini. Ndipo mafundi walipoiachia mashine itafute yenyewe sauti inayoshikika. Iliingia kwenye rekodi za simu ya msaada ya zamani, ile ambayo watu walikuwa wakipiga wenyewe. Huko haikuchagua sauti za wapokeaji wa simu. Ilichagua za wapigaji.

"Kwa sababu hawakuwa wakisema uwongo," alisema Lwitiko. "Mtu aliyeko gizani anatambua haraka anayeongea naye yuko gizani au amesimama nje na tochi. Mashine ilijaribu nyingi. Ya kaka yako watu hawakuivua."

"Ipyana alipiga simu?"

"Alipiga. Si mara moja."

Maneno hayo yalimpata pabaya. Yeye na Ipyana walikuwa wakikaa nyumba moja. Alikuwa akimwandalia chakula cha jioni, wanataniana kuhusu gari bovu, na kumbe kuna saa alikuwa akitoka nje kuongea na mtu asiyemjua.

"Na ninyi mliopokea simu yake, mlimwacha?"

"Hatukumwacha, Subi. Walimpokea vizuri. Aliahidi kuja kliniki akaja, akapewa dawa, akapata nafuu, kisha hali ileile ikarudi. Wapo wanaopona na wapo tunaowapoteza hata tukifanya yote. Sina jibu tamu zaidi ya hilo."

Aligusa kioo cha mezani. "Kitu kimoja nina ruhusa ya kukusikilizisha."

Kwanza ilisikika sauti ya mwanamke, ya kirafiki, ikisoma maneno yaliyozoeleka: je, unaruhusu mazungumzo haya yatumike kuwasaidia wengine? Kikapita kimya, na ndani ya kimya hicho mvua ikisikika juu ya bati. Kisha Ipyana, Ipyana mwenyewe, aliyekuwa hai, mwenye mafua: "Ndiyo. Kama yatafaa, chukueni tu."

Subilaga alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge chake.

"Aliruhusu," alisema daktari. "Lakini aliruhusu mazungumzo. Hakuambiwa kwamba sauti yake itaishi kumshinda. Sheria inasema katika hali hiyo ndugu wa karibu ndiye mwenye neno la mwisho. Ni mama yako. Akisema izimwe, nitaizima. Lakini nikuombe uyafikirie haya mawili. Kwanza, wapo watu wanaoishikilia sasa hivi tunapoongea. Tutawapa sauti nyingine, na baadhi yao hawataikubali. Pili, tukiizima lazima tutangaze sababu. Hebu fikiria mtu wako wa Ndobogo akisikia redioni kwamba yule aliyekuwa akimwambia 'nipo' alijiua. Atajiambia nini?"

"Atajiambia: kama huyu alishindwa, mimi ni nani."

"Basi unajua. Ndiyo maana nilinyamaza."

"Ulinyamaza hata kwangu. Nimekuwa nikipeleka sauti ya ndugu yangu nyumba kwa nyumba kama muuza vitumbua, sijui nilichobeba."

Lwitiko hakujitetea. Alisema tu, "Nenda kwa mama."

*

Mama yake alikuwa akimenya ndizi nyuma ya nyumba, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi kama alivyokivaa siku zote tangu msiba. Subilaga alivuta kigoda, akachukua kisu cha pili. Walimenya kwa muda. Hakujua pa kuanzia, kwa hiyo alianza katikati.

"Mama, kuna jambo la Ipyana. Ofisini kwetu, sauti yake..."

Mama hakuinua uso. Aliendelea kumenya, ila mkono wake wa kushoto ulipanda taratibu ukagusa kilemba, juu ya sikio, kisha ukashuka.

Subilaga alikiona kitendo hicho. Alikuwa amekiona kwa wagonjwa wengi. Aliweka kisu chini, akanyoosha mkono, akasogeza kitambaa. Kilikuwepo, kijani, kimetulia sikioni mwa mama yake.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Mama, ile sauti hapewi kila mtu. Wenye vipuli ni wengi, lakini kwa walio wengi kipuli kinanyamaza tu. Kinaongea na..."

"Najua kinaongea na nani."

Kuku walipita kati yao wakichakura maganda. Subilaga alikuwa amewauliza watu wasiohesabika lile swali ambalo mafunzo yao yalisema liulizwe waziwazi, bila kuzungusha, kwa sababu kuliuliza hakumpi mtu wazo, kunamtua mzigo. Alikuwa ameliuliza kwenye nyumba za wageni kabisa. Katika nyumba hii hakuwa ameliuliza hata mara moja. Alikuwa akileta sukari, anapima shinikizo la damu, anaondoka.

"Mama, umekuwa ukifikiria kujiua?"

"Nilikuwa nafikiria," mama alisema, kwa sauti ileile ambayo angesema aliwahi kulima ngano. "Sana. Sasa nafikiria kidogo. Kuna siku sifikirii kabisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umebeba watu wengi. Nikasema nisiwe mmoja wao. Mhudumu aliyetumwa kwangu alikuwa mwingine, nikamwomba asikuambie."

Subilaga alitoka kwenye kigoda akapiga magoti pale kwenye maganda, akamshika mama yake miguu. Alilia kama ambavyo hakulia hata kwenye mazishi. Mama alimwacha alie, mkono juu ya kichwa chake.

"Si yeye, mama," alisema mwishowe. "Unajua si yeye?"

"Nani kamzaa, wewe au mimi? Mwanangu alikuwa akikasirika. Hiki hakikasiriki. Siku ya kwanza kiliponisemesha nilianguka hapo mlangoni. Nikakiuliza, wewe ni Ipyana? Kikasema, 'Hapana, mama. Nina sauti yake tu. Ukitaka niinyamazishe, nitainyamazisha.' Nikakiambia kingoje kwanza." Alifuta mikono kwenye kanga. "Sasa kila asubuhi kinaniuliza nimekula nini. Nikisema sijala, hakiniachi. Kwa hiyo napika."

Subilaga alimweleza yote: ruhusa ya Ipyana, sheria, uwezo wa mama kuizima, hofu ya daktari.

Mama aliitazama ndizi iliyolala mkononi bila ganda.

"Nikizima, nitakuwa nimemzika tena. Nisipozima, nimemweka barabarani anahangaika na mizigo ya watu, yeye ambaye wake ulimshinda. Vyote viwili vinaniuma." Akainua macho. "Wasizime. Lakini watu waambiwe. Mtoto wangu asifanywe sauti tu isiyo na habari zake. Mimi najua mwenye sauti alivyokufa, na bado nipo hapa namenya ndizi. Ila wasiambiwe na redio. Waambiwe na mtu aliyekaa nao, ambaye hana haraka ya kuondoka."

"Ni wengi, mama."

"Basi anza."

Siku hiyo Subilaga hakurudi kwenye chumba chake cha kupanga mjini. Alileta nguo zake kwa mama yake, na juma lililofuata walikwenda kliniki pamoja, mama akiwa mgonjwa na binti akiwa ndugu wa mgonjwa, wamekaa kwenye benchi kama watu wengine. Daktari Lwitiko alipopewa masharti ya mama alikunja uso, akasema ni hatari. Kisha akakubali ajaribiwe mmoja, na mmoja huyo awe na mtu wa karibu wa kukaa naye nyumbani hata usiku. Shemeji yake Gwakisa, mdogo wa marehemu mkewe, akaja Ndobogo na godoro lake.

*

Subilaga alimweleza Gwakisa sebuleni, mchana, shemeji akiwa jikoni. Hakuzunguka.

"Uliniambia niulize mwenye sauti anakaa wapi. Nimeuliza. Amefariki, kaka. Alikuwa anaitwa Ipyana. Alikuwa kaka yangu, toka nitoke. Na alijiua."

Gwakisa alikivua kipuli. Akakiweka mezani kati ya vikombe, akakitazama kama mtu anayetazama jino lake lililong'oka. Nje mvua ilianza, ile mvua ya Tukuyu isiyo na radi wala haraka. Subilaga aliona rangi ikimtoka usoni, akakumbuka onyo la Daktari Lwitiko. Hakuangalia mlango.

"Kwa hiyo siku ile," Gwakisa alisema baadaye sana, "aliponiambia hata yeye alikitaka kimya, ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli."

"Akashindwa."

"Ule ugonjwa ulimshinda. Ndiyo."

"Na mimi je?" Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Yeye alijua maneno yote haya. Yalimsaidia nini? Nikuulize wewe uliye ndugu yake. Mimi je?"

Subilaga alihisi machozi, akayaacha yatoke.

"Sijui, kaka Gwakisa. Sitakudanganya. Ninachojua ni hiki: Ipyana alikuwa ananichekesha hadi siku ya mwisho. Nilikuwa nalala chumba cha pili na sikujua. Wewe unaniuliza mimi, uso kwa uso. Yeye hakuwahi kuniuliza. Angeniuliza labda ningeshindwa kumjibu kama ninavyoshindwa sasa, lakini ningekuwepo."

Mvua iliongezeka. Shemeji alichungulia, akaona nyuso zao, akarudi jikoni.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" Gwakisa aliuliza.

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo tangu msiba. Watu huuliza alifanyaje, nani alimkuta, kama aliacha neno. Subilaga alianza kwa kusitasita. Alisimulia kuhusu gari la maziwa ambalo Ipyana alilipaka rangi ya ng'ombe, mabaka meupe na meusi, watoto wakalikimbilia kila kijiji. Alisimulia alivyokuwa haogopi nyoka ila anaogopa bata. Alisimulia siku alipompiga mwanamume aliyemtukana Subilaga sokoni, kisha akampeleka yuleyule hospitali kwa gari lake. Alivyokuwa mchoyo wa parachichi. Alisimulia na mambo ambayo hakuwa ameyapenda, uwongo mdogomdogo, siku za kununa. Gwakisa alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja, kama zamani alivyosikiliza chai ulimini.

"Chai je? Alikuwa anakunywa ya wapi?"

"Hakunywa chai. Alisema ni maji yaliyochafuka."

Gwakisa aliguna, kisha akacheka, kicheko kifupi chenye maumivu ndani yake. "Nimeokolewa na mtu asiyekunywa chai. Sitamwambia mtu yeyote."

Mvua ilipokatika alimsindikiza hadi mwanzo wa mashamba. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya chai, na humo ndani mashine zilisikika zikisaga polepole bila kuonekana. Subilaga alimwambia atakuja keshokutwa, na kwamba shemeji anajua namba yake, na kwamba yeye akitaka sauti nyingine atapewa leo hii.

Gwakisa alikuwa amekifumbata kipuli njia nzima. Sasa alikifungua kiganja, akakitazama, akakifuta kwa ncha ya shati, na kukivaa. Akampa Subilaga mgongo kidogo, kama mtu anayepokea simu ya nyumbani.

"Ee, nipo," alisema. "Nimeambiwa habari zako." Halafu sauti yake ikashuka, ikawa ile ya mtu aliyefika kwenye matanga akachutama mbele ya mfiwa. "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Hatukujua."

Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, ukungu ukipita kati yao, na uso wake ukawa uso wa mtu anayejibiwa. Subilaga alisimama pale barabarani hadi alipomaliza. Hakumwuliza amejibiwa nini.